Fundi, Usiguse Hiyo Mashine ya Kioo Kabla Hujapima

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya somo la viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Litakuja. Leo naliweka jembe chini kidogo, maana kuna jambo linanikera, na karibu kila nikipewa lifti kwenda shambani nalikuta: kioo cha mlango kimeshikiliwa na kipande cha mbao, au nafasi yake imezibwa kwa nailoni na soltepu, na mwenye gari ananiambia, "Afisa, hicho kioo kilikufa. Fundi amesema mpaka mashine nzima."

Mashine nzima! Hilo ndilo neno ninalogombana nalo leo.

Atakayesema afisa ugani arudi kwenye mahindi yake, namjibu hivi. Magari yanayobeba kilimo cha huku kwetu si mapya. Ni Corolla, Carina, Noah na Escudo za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zilizotufikia kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na sisi tukaendelea nazo. Ndizo zinazobeba mbegu, chanjo na vifaranga. Boksi la vifaranga 100 wa siku moja likiwekwa kwenye siti ya nyuma, wale viumbe wanapumua na kutoa joto lao wenyewe. Kioo kikigoma kushuka na jua la saa saba linawaka, utafika na boksi la maiti. Kikigoma kupanda na mvua ya masika ikakukuta njiani, wataloa na kupigwa na upepo, na kesho yake unaniita uniambie kuna ugonjwa umeingia bandani. Chanjo nayo ni hivyo hivyo. Ile ya mdondo aina ya I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, lakini hata hiyo haitaki kuchomwa na jua kwenye gari lililofungwa. Kwa hiyo msiniambie kioo ni mambo ya starehe.

Sasa nieleze kinachonikera hasa. Mkulima akiniletea jani la nyanya lenye madoa, akaniambia tayari amepuliza dawa tatu za wadudu, swali langu la kwanza ni moja: ulimwona mdudu? Mara nyingi hakuna mdudu, ni ukungu, na dawa ya wadudu haitibu ukungu hata ungepuliza pipa zima. Hela imekwenda na ugonjwa uko pale pale. Kwenye gereji nyingi kioo kinatibiwa vivyo hivyo. Kioo hakishuki? Badilisha mashine. Bado hakishuki? Hiyo mashine ni mbovu, leta nyingine. Kuna kikundi cha wafugaji wa kuku katika eneo langu walinunua mashine mbili za kioo cha mlango wa dereva kwa mtindo huo. Tatizo lilikuwa waya mmoja uliokatika ndani ya ule mpira unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Waya mmoja! Hela ya mashine mbili ingewanunulia chakula cha vifaranga cha siku nyingi tu.

Tuelewane kwanza hicho kitu kinafanyaje kazi, maana ukishakielewa hutadanganyika kirahisi. Ndani ya mlango kuna mota ndogo ya volti 12. Mota ile ile ndiyo inapandisha na ndiyo inashusha. Swichi inachofanya ni kugeuza umeme, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya, na mota inazunguka upande wa pili. Mota inazungusha gia yenye umbo la parafujo, na gia hiyo inasukuma mashine ya kioo. Mashine zenyewe ziko za aina mbili kubwa: ile ya mikono ya chuma inayofunguka kama mkasi, na ile ya kebo nyembamba inayopita kwenye makapi na kuvuta kioo kwenye reli. Gia ya parafujo ina sifa moja nzuri: mota inaweza kuisukuma gia, lakini uzito wa kioo hauwezi kuizungusha mota kinyumenyume. Ndiyo maana kioo kizima hakidondoki chenyewe.

Kwa hiyo kioo kikidondoka ndani ya mlango kama jiwe kisimani, fundi akakwambia "mota imekufa", mwombe akueleze vizuri. Mota iliyokufa inakiacha kioo pale kilipokuwa. Kilichodondoka kimeachana na mashine: kebo imekatika, au kile kishikio cha plastiki kinachoshika kioo kimevunjika, au bolti zimelegea. Kishikio kile kwa magari mengi kinauzwa peke yake.

Vipimo vya mwanzo havihitaji hata bisibisi, na vyote unaweza kuvifanya wewe mwenye gari kabla hujafika gereji. Washa swichi ya gari, bonyeza kila kioo kwa zamu. Vimegoma vyote? Basi mashine nne hazikufa usiku mmoja. Hapo ni fyuzi, au rilei, au swichi kubwa ya mlango wa dereva. Vimegoma vya abiria tu na cha dereva kinafanya kazi? Angalia kile kitufe cha kufungia vioo vya abiria kilichopo mlangoni kwa dereva. Msicheke. Watu wanafunguliwa kava la mlango kwa sababu mtoto alibonyeza kitufe kile Jumapili wakitoka kanisani.

Kimegoma kimoja tu? Kijaribu kwa swichi yake ya mlangoni, halafu kwa swichi ya dereva. Kikiitikia moja na kukataa nyingine, mota ni nzima na mashine ni nzima, tatizo liko upande wa swichi. Kikishuka vizuri kwa nguvu zote halafu kupanda hakitoi hata sauti, vilevile anza na swichi, maana nimeshasema mota ni ile ile kwenda na kurudi. Swichi za magari haya zinajaa vumbi, soda iliyomwagika na kutu ya kijani kwenye vile vibati vya ndani. Inafunguliwa taratibu, vibati vinasafishwa kwa msasa laini, inarudi kazini. Kazi ya nusu saa.

Halafu tega sikio mlangoni ukibonyeza. Ukisikia mota inazunguka na kioo hakiendi, umeme umefika na mota iko hai. Kilichokufa ni kebo au meno ya gia. Hapo, naam, mashine inaweza kuhitajika, na fundi atakuwa na haki. Ukisikia kimya, fanya jambo moja zaidi usiku au mahali penye kivuli: tazama taa ya ndani ya gari huku ukibonyeza swichi. Ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota lakini mota imebanwa au imeganda. Isipofifia kabisa, umeme haufiki, na kubadilisha mota ni sawa na kumwagilia bomba lililokatika kwenye chanzo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha mlango wenyewe. Mtu mmoja abonyeze swichi bila kuachia, mwingine afungue na kufunga mlango polepole. Kioo kikishtuka na kusogea mlango ukifika pembe fulani, umemkamata mwizi: waya umekatika kwenye ule mpira karibu na bawaba. Mlango wa dereva unafunguliwa mara ngapi kwa siku? Kwa miaka ishirini na kitu nyaya zile zimekunjwa na kukunjuliwa mahali pale pale, na shaba inachoka kama mpini wa jembe. Hicho ndicho kipimo ambacho kingewaokoa wale wafugaji, na kinafanywa bila kulipia hata shilingi.

Mafundi wenye mita watasema, "Mimi nilipima, volti 12 zipo." Hapa naomba msikilize vizuri. Waya wenye nyuzi ishirini za shaba ukibakiwa na uzi mmoja tu, mita bado itakuonyesha volti 12, kwa sababu mita haili umeme wa maana. Mota inahitaji umeme mwingi, na uzi mmoja hauwezi kuupitisha. Kwa kazi hii mita pekee inadanganya. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12, iunge nyaya mbili, chomeka kwenye soketi ya mota badala ya mota, halafu bonyeza swichi juu na chini. Ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili, umeme ni mzuri na mota ndiyo mgonjwa. Ikiwaka kama kibatari, nyaya au swichi ndiyo wagonjwa. Isipowaka, rudi nyuma hatua kwa hatua. Balbu hiyo haizidi bei ya chai na chapati, na fundi asiyekuwa nayo kwenye boksi lake sielewi anapimaje.

Nije kwenye dhambi kubwa zaidi ya kubahatisha, nayo ni kupiga dairekti. Fundi amehangaika, hajaona tatizo, anachukua waya kutoka kwenye betri, anaupeleka moja kwa moja mlangoni, kioo kinapanda, mteja anafurahi, wanapeana mikono. Ndugu yangu, umepewa bomu. Waya ule hauna fyuzi. Unapita kwenye tundu la bati lenye makali, mlango unaukunja kila siku, na siku ganda la plastiki likichubuka na shaba ikagusa bodi, hakuna kitu cha kuukata umeme isipokuwa moto wenyewe. Ndugu yake dairekti ni yule anayezungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au anayetoa ya ampea 20 na kuweka ya 40 "ili isiungue tena". Fyuzi inaungua kukwambia kuna kitu. Ukimziba mdomo, hujamponya mgonjwa.

Na dairekti ina ubaya wa pili ambao hausemwi. Kwenye gari zima, ukizima na kutoa ufunguo, vioo havifanyi kazi, au vinafanya kazi kwa muda mfupi tu. Kwenye gari lililopigwa dairekti vinafanya kazi saa zote. Mtoto ameachwa ndani ya gari gulioni, ametoa kichwa dirishani kuwaangalia mbuzi, na goti lake liko juu ya swichi. Magari haya ya zamani mengi hayana ule uwezo wa kioo kurudi nyuma kikigusa kitu, na swichi zake nyingi ni za kubonyeza kwa juu, si za kuvuta kwa kidole. Goti la mtoto linatosha kabisa. Mota ile ina nguvu ya kubana shingo. Watoto wamekufa hivyo katika nchi zenye magari mengi kuliko sisi, na ndiyo maana magari ya siku hizi swichi zake zimebadilishwa umbo. Fundi anayepiga dairekti anairudisha hatari hiyo, tena anaiongeza, na risiti hakupi.

Na mbao? Mbao ninaichukia kwa sababu zake. Kioo cha mlangoni kimeimarishwa kwa joto kiwandani. Kinastahimili mengi, lakini kikipasuka kinasambaratika chote kuwa chembe ndogo. Kabari ya mbao inakisukuma mahali pamoja, kwenye ukingo wake ambao ndio dhaifu, na barabara zetu mnazijua zilivyo. Kila shimo ni nyundo. Zaidi ya hapo, mlango wa gari ukijikunja kwenye ajali, dirisha ndiyo njia iliyobaki. Kuna anayetaka kuanza kutafuta mbao gizani?

Nisieleweke vibaya kwamba kila gari la zamani lazima libaki na umeme. Ukiamua kuondoa umeme na kuweka mashine ya kuzungusha kwa mkono, mimi sikulaumu hata kidogo. Baadhi ya modeli zilitengenezwa kwa namna zote mbili, na mashine ya mkono inakaa kwenye matundu yale yale. Kwa gari la shamba huo ni uamuzi wa mtu mzima. Mbao si uamuzi.

Tuzungumze na mafundi kwa haki. Nimekaa chini ya miembe na mafundi wenye akili kali, wengine wamepita VETA, wengine wamejifunzia kwa kaka zao, na nikiwauliza kwa nini hawapimi, jibu lao linanifunga mdomo nusu: "Afisa, nikipima nusu saa nikamwambia mteja ni waya, anataka kunilipa hela ya soda. Nikimletea mashine, analipa bila neno." Ni kweli, na hapo lawama inarudi kwetu wenye magari. Tunalipia chuma, hatulipii akili. Ndiyo sisi hao hao tunaoona uchungu kulipia kupima udongo halafu tunanunua mifuko minne ya mbolea ambayo shamba halikuihitaji. Fundi akiona kupima hakulipi na kubadilisha kunalipa, atabadilisha. Mimi mwenyewe ningebadilisha.

Basi kabla kava la mlango halijafunguliwa, pataneni bei ya kupima peke yake. Iwe hela ya kueleweka, ilipwe hata kama tatizo litakutwa ni fyuzi. Mwambie unataka kuiona balbu ikiwaka au ikikataa kuwaka kwa macho yako. Kama kuna kitu kinabadilishwa, cha zamani unaondoka nacho wewe. Fundi mzuri hatakasirika kwa masharti hayo. Atafurahi, maana kwa mara ya kwanza mtu amekubali kumlipia kile anachokijua. Atakayekasirika umeshamjua.

Wanaopenda kufanya wenyewe, nawapa tahadhari chache, na hizi sizifanyii utani. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kuchomoa soketi yoyote, na kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa mlango. Kioo kishikize juu kwa soltepu pana, izungushe kupitia juu ya fremu ya mlango, pande zote mbili. Kioo kikikuponyoka na mkono uko ndani, utajuta. Na mashine ya mikono ya mkasi ina springi iliyokunjwa kwa nguvu inayosaidia kubeba uzito wa kioo. Ukiifungua mota kutoka kwenye mashine hiyo bila kuifunga kwanza ile gia kubwa kwa bolti au klampu, springi inajiachia kwa kasi na meno ya gia yanapita kwenye vidole kama mashine ya kukata majani ya ng'ombe.

Ndani ya mlango utakuta karatasi ya nailoni imebandikwa. Mafundi wengi wanaichana na kuitupa. Irudishe! Maji ya mvua yanapita pembeni ya kioo na kuingia mlangoni kila siku, huo ndio mpango wake, na yanatoka kwa matundu madogo ya chini ya mlango. Nailoni ile inayazuia yasifike kwenye swichi, spika na siti. Ikiwa imekwishatupwa, nailoni nzito ya kufunikia kitalu inafaa kabisa, na huku kwetu haikosekani. Matundu ya chini yachokonoe kwa kijiti, utashangaa udongo utakaotoka.

Kuna kioo ambacho hakijafa ila kinapanda kwa kujivuta kama mzee wa mguu mbovu. Hicho kinaelekea kufa, na dawa yake ni rahisi kuliko zote. Raba zinazokiongoza zimekauka na kujaa vumbi, mota inasukuma kwa shida, inapata moto, inajizima yenyewe, ikipoa inaamka. Watu wanaona imeamka wanasema imepona. Osha raba kwa kitambaa na maji ya sabuni, kausha, kisha puliza silikoni. Usipake oili wala grisi: mafuta hayo yanaivimbisha raba na kuilegeza, na vumbi la kiangazi linaganda juu yake mpaka inakuwa msasa. Grisi peleka kwenye mikono na reli ya mashine, hapo ndipo mahali pake.

Na kama balbu imewaka kwa nguvu pande zote na mota kimya, ligonge kava kidogo usawa wa mota huku umebonyeza. Ikishtuka na kuzunguka, ni brashi za kaboni zimeisha, na mafundi wanaosuka mota mjini wanaweza kuziweka nyingine. Isiposhtuka, sasa nenda Ilala au Gerezani ukatafute iliyotumika. Jua kabla ya kuondoka nyumbani kama ni ya mbele au nyuma, kulia au kushoto, na hesabu matundu ya soketi yake, maana za magari mawili ya jina moja zinaweza kutofautiana. Muuzaji aiunganishe kwenye betri mbele yako, halafu ageuze nyaya uione ikirudi. Asiyekuwa na betri dukani, mshukuru uende duka la jirani. Na ukishaipata, chukua na klipu za kava kama tano hivi, kwa sababu zako zimeshakauka na mbili tatu zitavunjika wakati wa kufungua.